Je, Wajua? Gemu Uliyonunua Bado Haijaisha

Jumamosi, saa nane mchana, ndani ya chumba cha mabati karibu na steji ya Homa Bay. Vijana sita, pedi mbili zilizofungwa kwa selotepu, skrini moja. Jana gemu ilichezwa bila shida. Leo kuna mstari wa buluu unaojikokota kama konokono: asilimia 34. "Omera, tulieni kidogo," anasema mwenye chumba huku akichungulia salio la bando kwenye simu yake, "inajisasisha." Pesa za wateja zimeshaingia mfukoni, mchezo haujaonekana. Siku hiyo ndiyo nilianza kukusanya habari za hizi nyongeza zinazoifuata gemu baada ya kutoka dukani. Hizi hapa, na nyingine zinatuhusu kuliko unavyodhani.

1. Je, wajua kwamba kiraka cha gemu kilianza kama kiraka cha kweli? Kwa Kiingereza, marekebisho ya programu hupewa jina lile lile la kipande cha nguo kinachoshonwa kwenye suruali iliyotoboka. Mwanzoni halikuwa fumbo. Mashine za miaka ya 1940, kama Harvard Mark I, zilisoma maagizo kwenye utepe wa karatasi wenye matundu. Tundu likitobolewa pasipofaa, fundi alibandika kipande cha karatasi juu yake, na kazi ikaendelea.

2. Nyongeza za kwanza za gemu zilikuja na bisibisi. Mwaka 1981, vijana waliosoma chuo cha MIT nchini Marekani walikuwa na mashine za kuchezea kwa sarafu. Wateja walipoizoea Missile Command, sarafu zikapungua. Vijana wakatengeneza ubao wa saketi wa kuchomeka ndani ya mashine, wakauita Super Missile Attack, na mchezo ule ule ukawa mgumu upya. Atari iliwapeleka mahakamani, halafu ikaishia kuwapa kazi. Ubao wao mwingine, uliotengenezewa Pac-Man, ndio uliogeuka kuwa Ms. Pac-Man mwaka 1982. Mwenye chumba cha gemu pale Migori mjini angewaelewa bila kuelezwa mara mbili: mteja akishazoea, hela hupungua.

3. Wezi wa programu waliwahi kuisukuma kampuni iharakishe. Street Fighter II ilitoka mwaka 1991. Muda si muda zikazagaa nakala za magendo zilizochezewa: wapiganaji wanaruka kwa kasi ya ajabu, wanarusha mipira ya moto wakiwa hewani, wanabadilika sura katikati ya pambano. Wachezaji walipenda ile kasi. Mwishoni mwa mwaka 1992 Capcom ikatoa toleo lake halali la mwendo wa haraka, Hyper Fighting.

4. Je, wajua kwamba kuna gemu iliyobeba nyingine mgongoni? Katriji ya Sonic & Knuckles, ya mwaka 1994, ilikuwa na mfuniko juu. Ukiufungua, unachomeka hapo katriji yako ya zamani ya Sonic 2 au Sonic 3, na papo hapo gemu ya zamani inapata mhusika mpya na njia mpya. Hakukuwa na bando wala asilimia 34. Ilichomekwa, ikachezwa.

5. Vazi la farasi ndilo lililoudhi dunia. Aprili 2006, Bethesda iliuza nyongeza ya mtandaoni ya gemu ya Oblivion: vazi la chuma la kumvisha farasi wako, kwa dola 2.50. Hadithi haikurefuka wala ardhi haikupanuka. Wachezaji walicheka, wakalalamika, na wengi wakanunua. Kila unapouziwa shati la kumvisha mhusika kwenye simu yako leo, mkumbuke farasi yule.

6. Mkenya ameingia Street Fighter kwa njia ya nyongeza, na si mara moja. Anaitwa Elena: mrefu, mwenye nywele nyeupe, anapigana peku. Alizaliwa na Street Fighter III mwaka 1997, akarudi mwaka 2014 kwenye Ultra Street Fighter IV, toleo lililopanua gemu iliyokuwapo tayari. Tarehe 5 Juni 2025 akaingizwa tena kwenye Street Fighter 6, gemu iliyokuwa sokoni tangu Juni 2023. Miaka miwili nzima gemu ilichezwa bila yeye, kisha siku moja faili ikashuka na Kenya ikawemo.

7. Na Elena hapigani Kikenya. Anacheza kapoera, sanaa ya Brazil iliyoasisiwa na Waafrika waliopelekwa huko utumwani. Ajabu yake nyingine ni kwamba tangu siku zake za kwanza anaweza kujiponya katikati ya pambano. Ukimwachia nafasi, damu uliyomtoa kwa jasho inarudi unaona.

8. Je, wajua kwamba kuna askari wa gemu aliyezaliwa Lamu? Rainbow Six Siege ilitoka Desemba 2015. Miaka minne baadaye, tarehe 3 Desemba 2019, nyongeza yake iitwayo Shifting Tides ilimleta Wamai. Jina lake kamili ni Ngũgĩ Muchoki Furaha, na kwa simulizi ya mchezo amezaliwa Lamu, ni mzamiaji hodari, na hurusha kifaa cha sumaku kinachonasa mabomu ya adui hewani. Mawili ya majina hayo ni ya Mlima Kenya, la tatu ni la pwani. Na "maaĩ" kwa Gĩkũyũ ni maji, kwa hiyo mzamiaji huyo anaitwa "wa maji". Kuna mtu aliyeuliza kabla ya kuandika.

9. Gemu hiyo hiyo iliwahi kutoa msimu usio na kitu kipya. Katikati ya mwaka 2017 Ubisoft, wenye gemu hiyo, walitangaza Operation Health. Hapakuwa na askari mpya wala uwanja mpya. Miezi kadhaa ilitengwa kurekebisha seva na kuziba matundu. Wengine walinung'unika. Lakini mvuvi yeyote wa Mbita anajua kuna siku ya kwenda ziwani na kuna siku ya kukaa ufukweni kushona nyavu, na siku ya pili ndiyo inayoilinda ya kwanza.

10. Nyongeza iliwahi kuondoa vita kwenye mchezo wa vita. Assassin's Creed Origins ilitoka Oktoba 2017, ikisimulia Misri ya kale. Tarehe 20 Februari 2018, walioinunua walipewa bure sehemu mpya ambamo hakuna kupigana kabisa: unatembea tu, ukiongozwa kwenye ziara 75 kuhusu piramidi, kilimo, dini na namna ya kukausha maiti. Panga liliwekwa chini, mwalimu akaingia.

11. Sauti ya shujaa wa gemu hiyo ina asili ya Kenya. Bayek, mhusika mkuu, aliigizwa kwa Kiingereza na Abubakar Salim, Mwingereza ambaye familia yake inatoka Kenya. Aliendelea kumsemea kwenye nyongeza mbili za mwaka 2018, The Hidden Ones na The Curse of the Pharaohs. Baadaye akaanzisha studio yake, Surgent Studios. Tarehe 23 Aprili 2024 studio hiyo ilitoa Tales of Kenzera: Zau, mchezo wa kijana anayemkabili mungu wa kifo akitaka arudishiwe baba yake. Salim aliuandika akiwa na msiba wa baba yake mwenyewe moyoni, akachota kwenye simulizi za Kibantu, na mchezo unaweza kuusikiliza kwa Kiswahili.

12. Mgeni mmoja akizidi nguvu, meza nzima hupinduka. Tekken 7 iliendelea kuongezewa wapiganaji kwa misimu minne. Desemba 2019 akaja Leroy Smith, mzee mwenye mbwa na mikono isiyokamatika. Mwezi uliofuata, kwenye mashindano ya EVO Japan, wengi wa waliofika nane bora walikuwa wakimtumia yeye. Watengenezaji wakampunguza makali kwa kiraka. Kiraka hakiongezi tu, Omera, hupokonya pia.

13. Kenya ina bingwa aliyekulia kwenye Tekken hiyo. Sylvia Gathoni, anayejulikana ulingoni kama Queen Arrow, alisajiliwa mwaka 2018 na timu ya UYU ya Marekani akiwa bado mwanafunzi wa sheria. Kwa mchezaji wa kiwango chake, mpiganaji mpya si burudani tu. Ni kurasa mpya za kusoma kabla ya mtihani, kwa kuwa lazima ujue kila pigo la mgeni hata kama humpendi.

14. Kiraka kiliwahi kuleta ugonjwa, na wanasayansi wakausoma. Septemba 2005, World of Warcraft iliongezewa eneo lenye joka liitwalo Hakkar. Lilikuwa na laana ya damu iliyomwambukiza kila aliyesimama karibu na mgonjwa. Ilikusudiwa kuishia humo humo. Lakini wanyama wa kufugwa wa wachezaji waliibeba, wakaipeleka mjini, na miji ikajaa mifupa. Mwaka 2007 tukio hilo lilichambuliwa kwenye jarida la tiba, The Lancet Infectious Diseases. Watu wa Bonde la Lambwe, Homa Bay, hawahitaji gemu kulielewa. Kwao malale yaliletwa na mbung'o, huku ng'ombe na pongo wakivihifadhi vimelea mwilini. Mnyama anapoonekana mzima ndipo anapohatarisha zaidi.

15. Mtu mmoja aliitibu gemu ya mabilioni akiwa nyumbani kwake. GTA Online ilianza Oktoba 2013, na kwa miaka mingi wenye kompyuta walikaa dakika kadhaa wakisubiri ifunguke. Mwaka 2021, mtaalamu anayejiita t0st aliamua kutafuta sababu. Alikuta gemu inasoma orodha ya bidhaa zake za kuuza, kama elfu 63, na kwa kila moja inakagua upya zote zilizotangulia ili kuhakikisha haijirudii. Ni kama mwenye duka pale Rongo ahesabu magunia yote tangu mwanzo kila gunia jipya linaposhushwa. Alipoziba tundu hilo na jingine la namna orodha ilivyosomwa, kusubiri kukapungua kwa takriban asilimia 70. Rockstar, kampuni yenye gemu hiyo, ilimpa dola 10,000 na kutoa kiraka Machi mwaka huo. Na kumbuka orodha ilikuwa ya nini: watu walikuwa wakisubiri duka lipangwe.

16. Kuna gemu iliyofanyiwa harambee ya shukrani. No Man's Sky ilitoka Agosti 2016, ikakosa mengi yaliyoahidiwa, na watengenezaji wake wakatukanwa kila kona. Hawakujibu. Walifanya kazi kimya na kuachia nyongeza moja baada ya nyingine, zote bure. Mwaka 2019 wachezaji wale wale walichangishana pesa, wakakodi bango la barabarani karibu na ofisi ya kampuni hiyo huko Guildford, Uingereza, kusema asante.

17. Nyingine iliondolewa dukani kwanza. Cyberpunk 2077 ilitoka tarehe 10 Desemba 2020 ikiwa na kasoro nyingi kiasi kwamba wiki moja baadaye Sony iliitoa kwenye duka lake la mtandaoni na kuwarudishia watu pesa. Ilirejea Juni 2021. Septemba 2023 ikapata toleo la 2.0 lililobadilisha mengi, na siku chache baadaye nyongeza kubwa ya kulipia, Phantom Liberty. Ilichukua karibu miaka mitatu kuwa gemu iliyotangazwa.

18. Sasisho moja kubwa lilionekana kama shimo jeusi. Tarehe 13 Oktoba 2019 ulimwengu wote wa Fortnite ulimezwa na shimo, na kwa karibu siku mbili hakuna aliyeweza kucheza. Watoto kote duniani walitazama duara jeusi wakidhani mchezo umekufa. Tarehe 15 ikafunguka na kisiwa kipya. Ilikuwa namna ya kuufanya muda wa matengenezo uwe tamasha. Kampuni za stima zina la kujifunza hapo.

19. Kwetu, gemu mpya nyingi hufika usiku. Nyongeza ikiachiwa saa nne asubuhi huko California, Migori ni saa mbili usiku wakati wa majira yao ya joto, na saa tatu usiku wakati wa baridi. Wao husogeza saa mara mbili kwa mwaka. Sisi tulio chini kidogo ya ikweta hatugusi saa, kwa sababu jua letu halina kigeugeu.

20. Hesabu ya GB haina huruma. Call of Duty kwenye kompyuta imewahi kuzidi GB 200. Tuchukue nusu yake, GB 100, kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde isiyokatika hata mara moja: ni saa 22 na ushee. Basi la usiku lingetoka Migori, lifike Nairobi, ligeuze, lirudi Migori, na faili bado haijamaliza kushuka.

21. Gemu ndogo ya simu ni mlango tu. Call of Duty: Mobile ilitoka tarehe 1 Oktoba 2019 na kupakuliwa zaidi ya mara milioni 100 katika wiki yake ya kwanza. Kama nyingi za aina yake, unachopakua dukani ni kiasi. Ukishaifungua, ndipo inapoomba viwanja, silaha na sauti, na bando linaanza kuvuja kwa ndani kama mtungi wenye ufa.

22. Kujaa kwa mashine si uongo wa mashine. PlayStation 4 ikiweka kiraka kwenye gemu kubwa, mara nyingi hunakili faili upya kabla ya kufuta za zamani. Ndiyo maana kiraka cha GB 3 kinaweza kudai nafasi tupu inayokaribia ukubwa wa gemu yenyewe. Futa ile gemu ambayo hakuna aliyeigusa tangu Krismasi.

23. Papa wala nanga hawachezi, lakini wanaweza kukuzuia kucheza. Nyaya za baharini za kasi zilianza kufika Mombasa mwaka 2009. Tarehe 12 Mei 2024, mbili kati yazo, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikadorora sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Homa Bay iko kando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika, lakini gemu yake hupita chini ya Bahari ya Hindi.

24. Kadi ya benki si lazima tena. Kwa miaka mingi nyongeza za kulipia zilikuwa za wenye kadi. Tangu mwaka 2022, M-Pesa inaweza kukupa kadi ya Visa isiyoshikika, namba tupu ndani ya simu, ya kulipia mtandaoni. Wazazi, tahadhari: mtoto anayeijua PIN anaweza pia kumvisha farasi.

25. Kenya imekuwa ikitengeneza gemu muda mrefu kuliko unavyofikiri. Mwaka 2007 Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, yenye shujaa wa kike. Mwaka 2011 ikaja Ma3Racer, ya kuendesha matatu kwenye simu za Nokia. Mwaka 2015 Andrew Kaggia na Black Division Games wakatoa Nairobi X, ambamo viumbe wa angani wanaivamia Nairobi. Gemu hufa zaidi kwa kukosa kushonewa viraka kuliko kwa kukosa mwanzo, na viraka vinataka mshahara wa kila mwezi.

26. Migori ina sasisho la karne tano. Thimlich Ohinga, boma la mawe lililowekwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2018, huenda lilijengwa karne ya 16, bila saruji wala udongo wa kushikiza, kwa kuta zinazofika takriban mita nne kwenda juu. Kusimama kwake hadi leo hakutokani na ufundi wa wajenzi wa kwanza peke yake. Kila jamii iliyohamia ilirudishia mawe yaliyoanguka. Hakuna toleo la mwisho la Thimlich Ohinga. Kuna la sasa tu.

27. Na je, wajua ajua? Ndilo jina la Kijaluo la mchezo wa mashimo na kete, ndugu wa bao la pwani. Haina skrini, haili chaji, na kanuni zake hazibadilishwi usiku ukiwa umelala.

Basi, msomaji, kabla hujabonyeza "kubali", soma namba ya GB, ilinganishe na bando lako na nafasi iliyobaki. Zima kujisasisha kwenye simu. Gemu mpya yenye kelele nyingi, ipe wiki mbili. Viraka vya kwanza havichelewi. Na wewe mwenye chumba cha gemu, sasisha alfajiri, si Jumamosi saa nane mchana. Siku ile ya asilimia 34, mstari ulifika mwisho saa kumi na nusu. Chumbani tulikuwa tumebaki wawili, mimi na mwenye chumba. Vijana sita walikuwa wameshavuka barabara kwenda kucheza pool.